Anca Parghel, sauti iliyofanya kazi ya tarumbeta

Kwa wasomaji wengi wa Kiswahili, neno jazz linakumbusha Morogoro Jazz, Western Jazz au Dar es Salaam Jazz, bendi za dansi zilizokesha na magitaa yao. Jazz aliyoiimba Anca Parghel wa Romania ni ndugu wa mbali wa muziki huo. Ni ile ya Wamarekani Weusi iliyochipuka New Orleans, ambamo mwimbaji akishamaliza beti hutakiwa kubuni wimbo mwingine palepale, mbele ya watu, huku piano na besi zikirudia njia ileile.

Parghel alizaliwa tarehe 16 Septemba 1957 huko Câmpulung Moldovenesc, mji wa milimani katika eneo la Bukovina, kaskazini mwa Romania. Alisomea muziki Iași, kisha akawa mwalimu wa muziki Suceava, jirani na kwao. Mwalimu wa mkoani, mbali na Bucharest, katika nchi iliyokuwa na kampuni moja tu ya kurekodi santuri, Electrecord, mali ya serikali! Kupenya kutoka hapo hadi majukwaa ya jazz kulihitaji kipaji ambacho hakuna aliyeweza kujifanya hakukisikia.

Kipaji hicho kilijidhihirisha zaidi pale maneno yalipokwisha. Waimbaji wa jazz wana ufundi uitwao skati: kuimba silabi zisizo na maana, sauti ikishika nafasi ya chombo. Louis Armstrong aliueneza mwaka 1926 kwa rekodi ya "Heebie Jeebies", na Ella Fitzgerald akaupandisha hadhi. Asiyeuzoea hudhani ni kupayuka. Kumbe kila silabi ina kazi yake. "B" na "d" hukata sauti kama ulimi wa mpiga tarumbeta unavyokata pumzi, "u" huifunika na kuilainisha, na "a" huifungua kwa nguvu. Wakati huohuo mwimbaji anafuata kichwani mabadiliko yote ya piano, kwa kuwa noti moja iliyopotea husikika na kila mtu. Parghel aliyafanya hayo kwa kasi kubwa, akishuka hadi sauti nzito ya kifuani na kupaa tena hadi juu kabisa bila kuonyesha mahali alipovuka.

Naye hakutoka mikono mitupu. Warumania wana doina, wimbo wa kale wa huzuni, mapenzi na upweke, usiofungwa na mapigo ya kuhesabika. Mwimbaji wa doina huvuta sauti apendavyo, huipamba, huitetemesha, na hapana mara mbili zinazofanana. Mtu aliyekulia katika mila ya namna hiyo haoni ubunifu wa papo hapo kuwa jambo la kigeni. Kwa maoni ya mwandishi huyu, hapo ndipo Parghel anapotofautiana na waimbaji wengi wa Ulaya waliojifunza jazz kwa kuiga santuri za Marekani: hata akiimba wimbo wa New York, namna anavyoikawiza noti ya mwisho ina harufu ya Karpati, milima ya kwao.

Tena alikuzwa katika miaka ambayo mashairi ya nyimbo yalipitia kwa wakaguzi wa serikali ya Nicolae Ceaușescu. Silabi zisizo na maana hazina mstari wa kufutwa.

Baada ya utawala huo kuanguka Desemba 1989, milango ya Ulaya ilifunguka. Alipiga muziki na mpiga piano Mjerumani Klaus Ignatzek, na nchini Ubelgiji alifundisha uimbaji wa jazz.

Mwaka 2008, akiwa na saratani, aliungana na Tom Boxer na kundi la Fly Project katika "Brasil", wimbo wa kuchezwa kwenye madisko. Alifariki Timișoara tarehe 5 Desemba mwaka huohuo, akiwa na miaka 51. Mwaka uliofuata, UNESCO iliiingiza doina katika orodha yake ya urithi wa utamaduni usioshikika.