Propela Tulivu kwa Droni ya Kikundi: Lipieni Nini, Acheni Nini

Kikundi cha vijana kinachotaka droni ya kupima mashamba ya miwa Awendo, au ushirika unaotaka ya kunyunyizia mahindi dawa huko Rangwe, huuliza bei ya chombo, bei ya betri na dakika za kukaa angani. Kelele haiulizwi. Huja kuulizwa na majirani, fedha zikiwa zimeshatoka. Mbita na Rusinga wavuvi wa omena hukesha ziwani na kulala mchana, saa zilezile droni zinapofanya kazi. Kanuni za kelele za mwaka 2009, chini ya sheria ya mazingira ya Kenya, zinaweka wastani wa desibeli 50 mchana nje ya nyumba za makazi, na 35 usiku. Kwa hiyo kelele ihesabiwe kabla ya ununuzi. Swali ni mtumie njia gani, na kwa gharama gani.

Njia ya kwanza ni kalamu na karatasi, na ningependa kila kikundi kianzie hapo. Kinachoipa propela kelele kuliko vyote ni kasi ya ncha zake. Propela ya kipenyo cha sentimita 24 inayozunguka mara 6,000 kwa dakika ina ncha zinazokwenda karibu mita 75 kwa sekunde. Ukiweka ya sentimita 28 yenye umbo lilelile, nguvu ileile ya kuinua hupatikana kwa mizunguko kama 4,400, na kasi ya ncha hushuka hadi mita 65 hivi. Kwa makadirio ya kawaida hiyo ni nafuu ya desibeli 3 hadi 4. Hakikisheni tu kwamba fremu ina nafasi na mota inaimudu, kwa sababu propela kubwa huweza kugusana au kuipasha mota joto kupita kiasi.

Kuna jambo ambalo karatasi ya muuzaji haitawaambia. Ziwa Victoria liko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, na hewa ya hapa ni nyepesi kwa takriban asilimia 10 kuliko ya pwani, kabla hata joto la mchana halijahesabiwa. Ili ibebe mzigo uleule, propela hulazimika kuzunguka kwa kasi zaidi, karibu asilimia 5. Kwa hiyo droni iliyopimwa kelele usawa wa bahari itapiga kelele zaidi ikifika Homa Bay.

Njia ya pili ni uigaji wa kompyuta. Hewa inayoizunguka propela hugawanywa katika vijisehemu, mara nyingi mamilioni, na kompyuta hukokotoa mwendo wake hatua kwa hatua. Kisha milinganyo ya Ffowcs Williams na Hawkings ya mwaka 1969 huubadilisha mwendo huo kuwa sauti inayomfikia msikilizaji. Programu si lazima zinunuliwe. OpenFOAM ni ya bure tangu 2004, na mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Tom Mboya au cha Rongo anaweza kuipakua leo. Gharama iko kwenye muda na umeme. Kompyuta inayokula wati 400 ikifanya kazi siku tatu mfululizo humaliza uniti 28.8, zidisheni kwa bei iliyo kwenye tokeni yenu, na mkumbuke kuwa hilo ni jaribio moja, la propela moja, kwa kasi moja. Juu yake kuna ujira wa mtaalamu, maana gridi ya vijisehemu hivyo ikiandaliwa vibaya hutoa jibu baya lenye picha za kupendeza.

Ujifunzaji wa mashine ndio unaouzwa kwa maneno mengi siku hizi. Unavutia kwa sababu modeli ikishafunzwa hujibu kwa sekunde, na mafunzo yenyewe yanawezekana kwenye kompyuta ya kawaida. Data ya bure ipo: NASA ilipima sauti ya vipande vya bawa la umbo liitwalo NACA 0012 ndani ya handaki la upepo, na jedwali lake la mistari 1,503 linatumiwa na wanafunzi duniani kote. Lakini tazameni mipaka yake. Kasi kubwa kabisa mle ni mita 71.3 kwa sekunde. Ncha ya propela yetu ya sentimita 24 imeshaipita. Tena vile vilikuwa vipande visivyozunguka. Modeli iliyofunzwa hapo itawapa namba ya propela ya Awendo bila kusita, na namba hiyo haina msingi. Njia hii inalipa kwa karakana inayobuni propela mpya: hufanya uigaji wa miundo michache, huifunza modeli kwa matokeo hayo, kisha huchuja mamia ya maumbo kwa haraka. Kikundi kinachochagua kati ya aina mbili au tatu za dukani hakina haja nayo, na atakayewatoza kwa kazi hiyo anawapotezea fedha.

Inabaki kupima. Azimeni au kodini kipima sauti. Mwenye iPhone anaweza kutumia programu ya bure ya kupima sauti ya NIOSH, taasisi ya Marekani ya usalama na afya kazini. Pimeni asubuhi, kabla upepo wa ziwa haujaanza kuvuma, mkiwa umbali uleule kwa kila propela.

Uamuzi wangu unategemea kazi. Kwa kupiga picha za mashamba, msinunue propela mpya kwanza: pandisheni droni kutoka mita 30 hadi 60 na kelele hupungua kwa desibeli 6 hivi, zaidi ya ile propela kubwa, bila kulipa chochote ila ukali kidogo wa picha. Kikomo cha Kenya ni futi 400, takriban mita 120, na karibu na viwanja vya ndege kama Kabunde ombeni kwanza ruhusa ya KCAA, mamlaka ya usafiri wa anga ya Kenya. Kwa kunyunyiza dawa hakuna kupanda juu, kwa sababu dawa itapeperuka. Hapo propela kubwa ya mwendo wa polepole inastahili fedha yenu. Na kabla ya kulipa, mwambieni muuzaji aiwashe mbele yenu ikiwa na mzigo kamili. Akikataa, nendeni kwa mwingine.