Je, Wajua? Mwanamke wa Mvua, Bwana wa Kilimanjaro na Mashujaa Wengine Wanaoigusa Ukambani

Je, wajua kwamba mwanamke aletaye mvua katika katuni za X-Men ana mama Mkenya? Jina lake ni Ororo Munroe, lakini mashabiki tunamwita Storm. Alionekana mara ya kwanza mwaka 1975 katika Giant-Size X-Men nambari 1, kazi ya mwandishi Len Wein na mchoraji Dave Cockrum. Hana habari bado na Profesa Xavier, kiongozi wa X-Men. Yuko Kenya, kiangazi kimewachosha wanakijiji, wanamlilia mvua, naye anaelea angani, nywele nyeupe zikipepea, mawingu yakimjia kama mifugo iliyosikia mluzi wa mchungaji.

Ukurasa huo nilimwonyesha susu wangu, yaani nyanya, kijijini, upande wa Kathonzweni huko Makueni, mwaka ambao mahindi yalikauka yakiwa kimo cha goti. Alivaa miwani, akautazama kwa muda mrefu kuliko nilivyotarajia, kisha akauliza: "Huyu ni wa mbai gani?" Mbai ni ukoo, na kwetu mtu asiye na mbai ni vigumu hata kumkaribisha chai. Kabla sijajibu akauliza la pili: "Na ngoma iko wapi?"

Swali hilo la ngoma wasomaji wengi wa Marvel hawajaliwaza. Ukambani mvua haikuitwa na mtu mmoja aliyeinua mikono. Palikuwa na kilumi, ngoma ya kina mama wa umri mkubwa, inayopigwa kwa ajili ya uponyaji na kwa ajili ya mvua, na palikuwa na ithembo, mahali patakatifu chini ya miti mikubwa ambapo wazee walipeleka sadaka zao. Kazi ya mvua ilikuwa ya kijiji kizima. Storm anaifanya peke yake, tena bila kutoka jasho. Kwa hesabu ya susu, huyo amekosa adabu kidogo.

Hata hivyo, maisha ya huyo binti hayakuwa mepesi. Mama yake, N'Dare, ni binti wa kifalme kutoka Kenya. Baba yake, David, ni mpiga picha za habari Mmarekani. Ororo alizaliwa New York na kukulia Cairo, ambako ndege iliangukia nyumba yao wakati wa vita vya Suez vya mwaka 1956. Wazazi wakafa, naye akafukiwa chini ya kifusi kando ya mwili wa mama yake. Mkasa huo ulisimuliwa na Chris Claremont mwaka 1976 katika X-Men nambari 102, nao ndio chanzo cha hofu yake kubwa: hawezi kustahimili mahali finyu. Mwanamke awezaye kuivuruga bahari, lakini mpandishe matatu ya Emali kwenda Wote siku ya soko, abiria wa kumi na tano kaketishwa juu ya kibao, uone kama hatapiga mayowe kabla ya kona ya kwanza.

Waandishi wake walikuwa na ramani yao wenyewe. Storm anatajwa kuishi Kenya na kwenye nyika za Serengeti kana kwamba ni mahali pamoja, wakati sehemu kubwa ya Serengeti iko Tanzania. Katika katuni za televisheni za X-Men zilizoanza Oktoba 1992, kuna kipindi kiitwacho Whatever It Takes, ambamo Storm anarudi Afrika kumwokoa mtoto aitwaye Mjnari. Jaribu kulitamka jina hilo. M-j-na-ri. Mswahili yeyote angemwambia mwandishi aweke irabu hapo katikati, mtoto apumue. Sauti ya Storm katika sehemu kubwa ya katuni hizo ni ya Alison Sealy-Smith, na zilipofufuliwa mwaka 2024 kwa jina la X-Men '97 aliitwa tena kuigiza nafasi ileile. Nilimtambua kabla picha haijatokea.

Je, wajua kwamba wapo wanaosema Wakanda imetokana na Wakamba? Black Panther aliingia katika Fantastic Four nambari 52, Julai 1966, mikononi mwa Stan Lee na Jack Kirby. Waliochimba asili ya jina la nchi yake wamewataja Wakamba wa Kenya. Wametaja pia Wakonda, jina la nguvu takatifu miongoni mwa baadhi ya wenyeji wa asili wa Marekani. Na wametaja neno kanda la Kikongo, lenye maana ya ukoo. Mimi ningependa sana tuwe sisi. Dhana lakini ni dhana, na sarufi yenyewe inanitoa nje: wenyeji wakiwa Wakamba, nchi ni Ukambani, wakiwa Wakanda, nchi ingekuwa Ukandani. Mtu wa Pwani ndiye kabisa, ukimwambia "wakanda" atadhani unamuuliza habari za unga: wakanda chapati au mandazi?

Ramani nazo hazikubaliani. Marvel Atlas ya mwaka 2008 iliipachika Wakanda karibu na Ziwa Turkana. Ta-Nehisi Coates alipoandika vitabu vyake aliisogeza hadi Ziwa Victoria. Katika filamu ya mwaka 2018 wakazi wake wanazungumza Kixhosa cha Afrika Kusini, na hapa Kenya filamu hiyo ilizinduliwa Kisumu, mji wa nyumbani wa ukoo wa Lupita Nyong'o aliyeigiza Nakia. Kitui na Makueni hatukuambulia hata bango. Kuhusu madini ya ajabu kama yale ya Wakanda, Kitui tuna makaa ya mawe ya bonde la Mui, ambayo yameongelewa miaka na mikaka. Storm na mfalme wa Wakanda walioana mwaka 2006, wakaachana mwaka 2012. Sijasoma popote kwamba mbuzi walirudishwa.

Kuna jambo dogo ninalolipenda kuliko yote haya. Neno "Kenya" lililoandikwa kwenye ukurasa ule wa Storm lilipitia Kitui. Tarehe 3 Desemba 1849, mmisionari Ludwig Krapf aliuona mlima ule akiwa Kitui, alikokuwa mgeni wa Kivoi wa Mwendwa, mfanyabiashara mkubwa wa misafara. Wakamba waliuita Kiinyaa, wakiufananisha na mbuni dume, weusi wa mwamba na weupe wa theluji. Krapf akaandika alivyosikia.

Je, wajua kwamba Kilimanjaro ina shujaa wake, tena wa kizungu? Mwaka 1967 kampuni ya DC ilimtoa B'wana Beast katika Showcase nambari 66, akiandikwa na Bob Haney na kuchorwa na Mike Sekowsky. Ndege ya Mike Maxwell inaanguka juu ya mlima, anakunywa maji yenye madini yanayomtia nguvu, anapigana na gorila aitwaye Djuba, na gorila huyo akishashindwa anamkabidhi kofia inayomwezesha kuwaunganisha wanyama wawili wakawa mmoja. Asubuhi isiyo na mawingu, ukiwa juu ya vilima vya Chyulu upande wa Makueni, mlima huo unauona mzima. Umeukodolea macho utotoni kote, unajua hauna gorila hata mmoja; gorila wa milimani wako Kongo, Rwanda na Uganda. Na ile ritifaa iliyochomekwa ndani ya "bwana" inafanya nini?

Mwaka 1989, katika Animal Man, mwandishi Grant Morrison aliiondoa kofia hiyo kwa Maxwell na kumpa Mwafrika, Dominic Mndawe, akaitwa Freedom Beast. Katika katuni za Batman: The Brave and the Bold, Maxwell alirudishwa, akachekwa kidogo, kisha akafa akiokoa dunia katika kipindi cha The Siege of Starro. Nilimcheka vipindi vyote vya awali. Pale mwishoni nilinyamaza.

Je, wajua mwaka wa kuzaliwa kwa Superman? Action Comics nambari 1 ina tarehe ya Juni 1938. Wiki chache baadaye, Wakamba wake kwa waume, wengi wao kutoka Machakos, ambayo enzi hizo ilijumuisha Makueni, walikwenda Nairobi kudai ng'ombe wao walioporwa na serikali ya kikoloni kwa kisingizio cha kupunguza mifugo. Walipiga kambi wiki kadhaa wakitaka kumwona gavana. Kiongozi wao aliitwa Muindi Mbingu, jina ambalo mchoraji wa katuni angelilipia. Serikali ilimpeleka kizuizini Lamu, lakini ule mpango wa kuuza mifugo kwa lazima uliachwa. Nairobi kuna barabara yenye jina lake. Wengi wanaopita pale hutafuta soko.

Superman wa mwaka 1938, kwa taarifa yako, alikuwa hapai. Alikuwa anaruka kama panzi, jengo kwa jengo. Studio ya ndugu wa Fleischer ilipomtengenezea katuni za sinema mwaka 1941, mruko huo ulionekana kichekesho, wakaomba aruhusiwe kupaa. Kibanda cha simu anamobadilishia nguo nacho kilitoka kwenye katuni hizohizo. Na Harley Quinn, rafiki wa Joker, hakuanzia kitabuni: alizaliwa kwenye televisheni mwaka 1992, katika Batman: The Animated Series, ndipo vitabu vikamwazima mwaka 1993. Labda ndiyo sababu Kiswahili hakikusumbuka kuvitenganisha; picha za karatasini na picha zinazotembea, zote ni katuni.

Wapenzi wa Green Arrow wa mwaka 1941 na Hawkeye wa mwaka 1964 hujivunia mishale yenye nyavu, moshi na baruti. Mshale wa Mkamba haukuhitaji hayo. Sumu yake ilichemshwa kutoka kwa miti ya jamii ya Acokanthera hadi ikawa nzito na nyeusi kama lami, ikapakwa kwenye shina la chembe, kisha ikafungwa kwa ngozi nyembamba isikauke wala isimdhuru mwenyewe. Kemikali iliyomo huitwa ouabain, jina lenye asili ya Kisomali, nayo husimamisha moyo. Madaktari waliwahi kuitumia, kwa vipimo vidogo mno, kutibu moyo huohuo.

Mara yangu ya kwanza kuona katuni za mashujaa ilikuwa ndani ya banda la vidio la mabati, televisheni ndogo ikila betri ya gari. Tulikuwa na sheria moja tu: stelingi, yaani shujaa mkuu, hafi. Siku moja betri ikazima Batman akiwa amefungwa kamba, mwenye banda akakataa kurudisha pesa, akasema keshatuambia mwisho wake, stelingi hafi, nendeni nyumbani. Alikuwa sahihi.

Sasa yetu. Frank Odoi, mzaliwa wa Ghana aliyefanya maisha Nairobi, alimchora Akokhan, shujaa mwenye nguvu za kale za Kiafrika, na wasomaji wa Kenya wakamfuata kwa miaka. Odoi alifariki Aprili 2012 katika ajali ya matatu. Shujaaz, kitabu cha katuni cha bure kilichoanza 2010 kikiongea Sheng, kilishinda tuzo ya kimataifa ya Emmy mwaka 2012. Mkenya Ng'endo Mukii aliongoza Enkai, mojawapo ya katuni 10 za Kizazi Moto zilizotoka Disney+ Julai 2023.

Kabla yao wote, miaka ya 1980, palikuwa na Pichadithi, vitabu vyembamba vilivyogeuza ngano zetu kuwa katuni, chini ya Terry Hirst. Humo ndimo nilimwona Lwanda Magere, shujaa wa Wajaluo, ambaye mkuki haukumwingia mwilini bali kivulini. Wasomaji wa Superman wanayo kryptonite, sisi tunacho kivuli cha Magere, na watu wa Pwani wana sindano ya shaba iliyomchoma Fumo Liongo kitovuni.

Mwaka uleule wa 1966 ambao Black Panther alizaliwa New York, mwana wa Mulango, Kitui, John Mbiti, alichapisha Akamba Stories. Maimu, yale majitu yanayomeza watu katika ngano za Kikamba, yamo kitabuni humo bila picha hata moja yenye rangi. Mchoraji wa Mwingi au Kibwezi anayetafuta adui wa kumpambanisha na stelingi wake hana haja ya kwenda mbali.

Na wewe msomaji, ukiwa na nakala za zamani za Pichadithi kwenye sanduku la bati chini ya kitanda, tafadhali usiwashie jiko. Niandikie, nitazifuata mwenyewe hata kama ni Mutomo.