Kaskazini mwa Minnesota, Nchi ya Maziwa Yanayoganda

Minnesota ni jimbo la Marekani linalopakana na Kanada upande wa kaskazini, na eneo lake, la kilomita za mraba zipatazo 225,000, halifiki nusu ya eneo la Kenya. Humo mna maziwa 11,842 yenye ukubwa wa ekari 10 au zaidi, mengi yakiwa yamechimbwa na barafu kuu iliyoifunika nchi hiyo zama za kale, na katika pembe yake ya kaskazini mashariki limelala Ziwa Superior, ambalo kwa upana wa uso wake ndilo ziwa pekee lisilo na chumvi duniani linalolizidi Ziwa Victoria. Msomaji wa Karungu, kando ya Ziwa Victoria, aliyezoea ghuba yenye joto karibu lilelile mwaka mzima, ataikuta huko nchi ya wavuvi kama yake, isipokuwa kwamba kwa muda wa miezi minne au mitano maji yake hayapitiki kwa mashua, bali hupitiwa juu kwa miguu, kwa gari, na hasa kwa pikipiki ya theluji.

Chombo hiki hakina magurudumu: mbele kina mbao mbili za kutelezea, ambazo dereva huzigeuza kwa usukani, na nyuma kina mkanda mpana wa mpira unaozungushwa na injini na kuisukuma mashine juu ya theluji bila kuzama. Joseph-Armand Bombardier wa Quebec alianza kuuza chombo chake kidogo cha Ski-Doo mwaka 1959, lakini watu wa Minnesota nao wana dai lao, kwani karakana ya Polaris ilianzishwa katika mji mdogo wa Roseau mwaka 1954, na Edgar Hetteen, mmoja wa waanzilishi wake, aliivuka Alaska mwaka 1960 kwa mashine za kampuni hiyo ili kuthibitisha kwamba hazikuwa mchezo wa watoto.

Jambo la kustaajabisha zaidi kuliko mashine yenyewe ni njia zake. Jimbo lina mtandao wa njia za pikipiki za theluji unaokadiriwa kuzidi kilomita 33,000, na sehemu kubwa ya njia hizo hutunzwa na klabu za wenyeji wanaojitolea, huku serikali ikiwafidia kutokana na ada za usajili wa mashine na sehemu ya kodi ya petroli. Usiku, baridi inapozidi na wapita njia wanapopungua, trekta lenye minyororo huburuta chuma kizito kinachokata matuta, kujaza mashimo na kuishindilia theluji, ambayo huachwa saa kadhaa ikauke na kuwa ngumu. Njia nyingi hukatiza mashamba ya watu binafsi waliokubali kwa hiari yao, kwa hiyo mgeni mmoja anayetoka nje ya alama na kukanyaga shamba anaweza kusababisha njia nzima ifungwe. Yeyote aliyeona jinsi kamati za usimamizi wa fuo, yaani BMU, zinavyolinda ufuo kwa niaba ya wavuvi wote ataelewa upesi kwa nini wenyeji hawalichukulii kosa hilo kwa wepesi.

Kwa sababu hiyo mpango wa safari hauna budi kufuata hali ya nchi kuliko tarehe za likizo. Njia zinazofadhiliwa na serikali hufunguliwa rasmi tarehe 1 Desemba na kufungwa 31 Machi, lakini kufunguliwa kwa sheria si kuwapo kwa theluji. Majira ya baridi ya 2023 hadi 2024 yalikuwa ya joto kupita yote yaliyowahi kurekodiwa katika jimbo hilo, na njia nyingi hazikupata theluji ya kutosha kusawazishwa. Kipindi kilicho salama zaidi kukichagua ni katikati ya Januari hadi mwisho wa Februari, na ni busara kutolipia malazi yasiyorudishiwa fedha.

Barafu ndiyo inayotaka uangalifu mkubwa. Maji huwa mazito zaidi yakiwa na nyuzi 4 za Selsiasi, na yakipoa kuliko hapo huwa mepesi na kubaki juu, ndiyo maana ziwa huganda kuanzia usoni ilhali samaki wanaendelea kuishi chini. Idara ya maliasili ya jimbo hushauri unene wa sentimita 13 hadi 18 za barafu mpya iliyo angavu kwa pikipiki ya theluji. Barafu nyeupe, iliyochanganyika na theluji, ni dhaifu na yataka unene mara mbili. Mito inapoingia, chemchemi zinapobubujika na mikondo inapopita kwenye milango ya visiwa, barafu huwa nyembamba hata katikati ya Februari, na theluji iliyo juu yake huficha yote hayo. Hakuna ubingwa wa kuendesha unaoweza kuchukua nafasi ya kumuuliza mvuvi wa mahali hapo. Wavuvi hao huvuta vibanda vyao hadi katikati ya ziwa, hutoboa tundu na kumngoja walleye, samaki anayependwa kule kama ngege anavyopendwa Nyanza.

Baridi yenyewe haina mfano katika Afrika Mashariki. Katika mji wa Tower, kando ya Ziwa Vermilion, kipimo kilishuka hadi nyuzi 51 chini ya sifuri tarehe 2 Februari 1996, na ingawa siku kama hiyo ni adimu, nyuzi 20 chini ya sifuri ni jambo la kawaida la Januari. Mwendo huongeza ukali wake, kwa kuwa upepo wa kilomita 40 kwa saa huifanya baridi hiyo ihisiwe na ngozi kana kwamba ni nyuzi 34 chini ya sifuri, na uso ulioachwa wazi huweza kugandishwa nyama kwa muda mfupi. Nguo ya pamba haifai kuvaliwa karibu na mwili, kwa sababu hushika jasho. Sufu au nyuzi za viwandani hufaa zaidi, zikifuatiwa na tabaka la kuhifadhi joto na koti lisilopenya upepo.

Njia ya kufika si ngumu kwa aliyepata viza. Kutoka Nairobi ndege huenda moja kwa moja hadi New York, na kutoka hapo safari huendelea hadi Minneapolis, ambako vitongoji vya Brooklyn Park na Brooklyn Center vina jamii kubwa ya Wakenya, wengi wao wakiwa Abagusii, majirani wa Migori. Mwaka 2024 Huldah Momanyi Hiltsley, mzaliwa wa Kenya, alichaguliwa huko kuingia katika bunge la jimbo. Kwa mgeni, faida ya jamii hiyo ni makoti ya kuazima na ushauri wa bure, kwani mashine, helmeti na buti hukodishwa kaskazini kwenye nyumba za wageni.

Kituo kinachofaa kuanzia ni Grand Rapids, mwendo wa saa tatu hivi kwa gari kutoka Minneapolis, ambako huanzia njia ya Taconite, yenye urefu wa kilomita zipatazo 265, inayoishia Ely baada ya kupita misitu, migodi ya zamani ya chuma na maziwa mengi. Anayetaka kufika mpakani huiacha karibu na Ziwa Vermilion na kushika njia ya Arrowhead hadi karibu na International Falls, jirani na hifadhi ya taifa ya Voyageurs, ambamo pikipiki za theluji zinaruhusiwa juu ya maziwa makubwa. Hifadhi ya Boundary Waters, iliyo mashariki zaidi, isiingizwe katika mpango huo, kwani sheria ya mwaka 1978 imepiga marufuku injini katika sehemu kubwa ya maji yake.