Chui Milia Aliyetoka kwenye Alama ya Treni

Sogeeni karibu, wanangu, niwahadithie jinsi chui milia alivyopata kuumbwa kwa alama ya treni.

Jijini London, nchini Uingereza, alikuwako mchoraji wa mabango aitwaye Abram Games, mtoto wa mpiga picha, aliyezaliwa mwaka 1914. Miaka ya 1970 alipewa kazi ya kuchora bango la kuwahimiza watu wapande treni za chini ya ardhi waende kutazama wanyama katika bustani ya jiji hilo.

Je, mngekuwa ninyi, mngechora nini? Najua mmoja angechora treni, mwingine simba, mwingine tembo na watoto wakimshangilia. Sasa mfikirieni abiria: anateremka ngazi mbiombio, treni hiyo inaingia. Ataliangalia bango sekunde mbili tatu tu. Ukimrundikia vitu vyote hivyo, hataambulia hata kimoja.

Games alikuwa na dawa yake. Kabla ya kugusa karatasi kubwa, alichora vijipicha vya majaribio, vyenye kimo cha sentimita 2.5 hivi. Alishikilia kwamba wazo lisiloeleweka likiwa dogo namna hiyo halitaeleweka hata likikuzwa.

Mnadhani alitia chumvi? Simameni hatua thelathini kutoka kwenye mlango wa darasa. Nyoosheni mkono, fumbeni jicho moja, kisha inueni kidole gumba. Mabango ya stesheni zile yana kimo cha sentimita 102 na upana wa 64. Lingebandikwa mlangoni pale, kidole chenu kingelifunika lote!

Katika picha ndogo kiasi hicho, sharubu na manyoya hayana pa kukaa. Kinachobaki ni wazo lenyewe. Na wazo la Games lilikuwa hili: treni za London zina alama yake, duara jekundu lililokatwa katikati na mstari wa buluu. Akaichukua alama hiyo, akaigawa vipande, akavipanga hadi akatokea chui milia. Mnyama na treni wakawa mchoro mmoja, na abiria akaelewa bila kusimama.

Basi mkiambiwa mchore tangazo la mechi ya shule, karatasi kubwa iwekeni kando kwanza. Chukueni daftari, choreni vijipicha kumi vya ukubwa wa kidole gumba, kisha mpeni rafiki avitazame akiwa mbali. Kile atakachokitambua upesi ndicho cha kukuza.