Filme « Le Grand Bleu »: mmoja anaona ndoto, mwingine anaona mama aliyeachwa



Toka tuonyeshe filme ya Kifaransa Le Grand Bleu, mazungumzo hayajaisha. Mama mmoja anasema hajaona filme nzuri kama ile. Mwingine anasema tulipoteza saa mbili na zaidi kwa kutazama maji. Tumeona vema kuandika maoni ya kila upande, kwani ubishi huu unagusa pia nyumba zetu.

Kwa wale ambao hawakuiona, habari yenyewe ni hii. Filme ilitengenezwa na Luc Besson, Mfaransa ambaye wazazi wake walikuwa wakifundisha kupiga mbizi, na ilitoka mwaka wa 1988. Jacques na Enzo wanafahamiana tangu utoto huko Ugiriki. Wakiwa watu wazima wanashindana kushuka baharini bila chupa ya hewa: mtu anavuta pumzi moja, anashika uzito unaomshusha kufuata kamba, halafu anarudi juu. Jacques alifiwa na baba yake majini akiwa mtoto. Ni mtu mkimya, anasikilizana na pomboo, wale ambao wengi wetu tunawaita dofini, kuliko na watu. Johana, binti wa Marekani, anampenda na kubeba mimba yake. Enzo anakufa kwa kutaka kumpita rafiki yake. Mwishoni, usiku, Jacques anataka kushuka tena. Johana analia, anamwambia ana mimba. Jacques anamtia kamba mkononi, na Johana mwenyewe anaivuta ili bwana ashuke. Chini gizani pomboo anakuja, Jacques anamfuata, na filme inaisha.

Si sisi wa kwanza kubishana. Filme hii ndiyo iliyofungua tamasha la sinema la Cannes mwaka ule wa 1988, na waandishi wengi wa sinema waliisema vibaya: eti ni ndefu, eti ni tupu. Lakini watu wa Ufaransa waliijaza sinema, tiketi zikapita milioni 9. Huko Marekani walibadilisha muziki wa Éric Serra, na mwisho wakaurefusha ili Jacques aonekane akirudishwa juu na pomboo. Kumbe hata wenye kuuza filme waliogopa mwisho ule.

Kwetu maoni yamegawanyika sehemu tatu.

Wa kwanza, na vijana ni wengi humo, wanasema: hii ni ndoto, na ndoto haiulizwi sababu. Wanapenda ile rangi ya buluu, ule ukimya, muziki unaokwenda polepole. Mama mjane mmoja yuko upande wao. Alisema Jacques ni mtoto ambaye hakumaliza kumlilia baba yake, na mtu wa namna hiyo anaweza kutembea miaka mingi akimfuata marehemu wake.

Wa pili wanakasirika. Wanasema mtoto atazaliwa na kuuliza baba yuko wapi. Je, watamjibu kwamba alikwenda na samaki? Mmoja wao aliuliza swali lililonyamazisha chumba: « Kama angelikuwa ni mama aliyeacha mtoto na kuingia majini, mungeliita ndoto? »

Wa tatu wanamtazama Johana peke yake. Wanabishana juu ya ule mkono unaovuta kamba. Wengine wanasema ni upendo mkubwa, kumwachilia mtu afuate moyo wake. Wengine wanasema hapana, ni kuchoka: alishindana na kitu asichoweza kukishika, akashindwa. Wamama ambao mabwana zao wanalala ziwani na taa kwa kutafuta ndagala walikuwa wengi katika kundi hili. Wao wanajua kungoja mtumbwi asubuhi. Lakini mvuvi anashuka ziwani kwa ajili ya nyumba yake, walisema, na Jacques alishuka kwa ajili yake mwenyewe.

Maoni yetu ni haya. Besson alitia kamera majini pamoja na Jacques, ndiyo sababu tunaona uzuri. Nani alibaki mtumbwini na Johana? Hakuna. Wamama waliokasirika walikwenda kukaa naye pale. Filme inaweza kuwa nzuri sana na kumsahau mtu, na ni vema mtoto ajifunze kusema mambo yote mawili.

Tukumbuke pia kwamba maisha ya kweli yalikuwa mengine. Jacques Mayol alikuwako kweli. Mwaka wa 1976, kwenye kisiwa cha Elba, alikuwa mtu wa kwanza kufika metre 100 kwa pumzi moja. Hakupotea akiwa kijana, bali alifariki mwaka wa 2001 akiwa na miaka 74. Mwitalia Enzo Maiorca, aliyejiona katika yule Enzo wa filme, hakufurahi hata kidogo, na Italia iliingoja filme hadi 2002. Yeye hakufia majini: alifariki mwaka wa 2016, mzee wa miaka 85.

Neno la mwisho ni kwa wazazi. Toka siku ile tunaona watoto wakishindana kukaa chini ya maji katika ziwa letu la Tanganyika. Filme haifundishi hatari yake. Mtoto akipumua haraka-haraka mara nyingi mbele ya kuzama, anatoa mwilini ile hewa chafu inayotuamsha tupumue. Hasikii tena haja ya kupumua, anazimia bila kupiga kelele, na walio ukingoni wanafikiri anacheza. Mkatazeni mashindano hayo, na asiingie majini bila mtu mkubwa anayejua kuogelea na anayemtazama.

Kisha mukae naye jioni, mumwulize: wewe ungelikuwa Johana, ungeliivuta ile kamba? Msikilizeni hadi mwisho mbele ya kumjibu.