Subaru ya Kahama ilindwe kabla ya kuongezwa nguvu

Kahama, Geita na Katoro si miji ya mashindano ya magari, lakini Subaru Impreza WRX si ngeni huko. Gari hili liliingia sokoni Japani mwaka 1992, na injini yake ya tabo ina cc 1,994, chini kidogo tu ya mstari wa cc 2,000 ambao TRA huutumia kupandisha ushuru wa bidhaa. Pesa ya machimbo au ya mpunga ikikaa vizuri, kijana analikomboa bandarini, analipandisha Kanda ya Ziwa, kisha anaanza kulichezea: ekzosi pana yenye mlio, ea klina ya wazi, springi fupi, na fundi mwenye laptopu wa kuongeza mgandamizo wa tabo. Mengi ya hayo hufanyika uani siku ya Jumapili, na sina ugomvi na uani huo. Ninachobishia ni mpangilio. Katika ukanda huu gari la kasi huuawa na vumbi, mafuta na oili muda mrefu kabla mwenyewe hajaifaidi nguvu aliyoinunua, kwa hiyo kazi ya kwanza ya fundi wa nyumbani ni kuilinda nguvu iliyokuja na gari.

Chukua vumbi. Dhahabu ya Geita na Kahama kwa sehemu kubwa imekaa ndani ya miamba yenye kwatzi, na karasha za wachimbaji wadogo kuanzia Nyarugusu hadi vijiji vya jirani na Bulyanhulu husaga mawe hayo mchana kutwa. Unga wa kwatzi ni mgumu kuliko vyuma vingi vya ndani ya injini. Ndio huo unaoharibu mapafu ya wachimbaji, na ukipenya kwenye silinda hukwangua ringi za pistoni na kuta zake taratibu, mpaka siku gari linapoanza kula oili na kutoa moshi wa bluu. Sasa mtu anang'oa boksi la ea klina lililotoka kiwandani, lililofungwa pande zote na kuvuta hewa kutoka mahali palipochaguliwa, anaweka chujio la wazi katikati ya joto la injini. Anachopata kwa hakika ni sauti. Mara nyingi hewa anayovuta ni ya moto zaidi, na kama chujio lenyewe ni la bei ya chini, linapitisha hata kile ambacho karatasi ya kawaida ingekizuia.

Kuhusu mgandamizo wa tabo, hesabu ni kali zaidi. WRX iliyotengenezwa kwa ajili ya soko la Japani ilipangwa kutumia petroli ya daraja la juu, ambayo huko huuzwa ikiwa na oktani 100 hivi. Petroli ya kawaida ya vituo vyetu haifiki hapo, na ile ya kwenye chupa na madumu barabarani hakuna anayejua imekaa juani siku ngapi. Juu ya hapo, nyanda hizi ziko zaidi ya meta 1,100 kutoka usawa wa bahari. Hewa ni nyepesi, hivyo tabo hulazimika kuzunguka kwa kasi zaidi kufikisha mgandamizo uleule uliopangwa Dar es Salaam. Ukiongeza mgandamizo bila kuangalia mafuta na joto, mchanganyiko huwaka ovyo ndani ya silinda na injini inagonga. Kompyuta ya gari husikia ugongaji huo na kurudisha nyuma muda wa cheche, yaani inakunyang'anya nguvu uliyoilipia. Ikishindwa kuuzuia, pistoni inapasuka na injini inanoki.

Oili ndiyo inayoweza kumpa mwenye gari taarifa mapema. Mhimili wa tabo huzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika ukielea juu ya utando mwembamba wa oili, na baadhi ya matoleo ya Subaru yana wavu mdogo ndani ya boliti ya bomba linalopeleka oili kwenye tabo. Wavu huo ukiziba, tabo inakufa bila kelele nyingi za kutahadharisha. Hapa fundi wa nyumbani anayejali anamshinda fundi wa gereji mwenye haraka. Akimwaga oili, asiitupe filta ya zamani. Aikate kwa kifaa kikali cha kuzungusha, si kwa msumeno, maana msumeno huacha unga wake wa chuma, kisha atandaze karatasi ya ndani juani na kuikagua kunjo kwa kunjo, kama mchenjuaji anavyochungulia mchanga wa mwisho kwenye karai. Tofauti ni kwamba hapa anayeona kinachometameta rangi ya shaba amepata hasara: beringi za injini zimeanza kulika. Kazi hiyo haihitaji laptopu, na inaweza kuokoa gharama ya injini nzima.

Wapo watakaosema gari la michezo hununuliwa ili lichezewe, na kwamba ushauri huu unamfaa mwenye gari la abiria. Jibu lao liko kwenye Safari Rally. Colin McRae alishinda mwaka 1997 na Richard Burns mwaka 2000, wote wakiwa na Subaru, na magari yao ya Safari yalitofautiana na yale ya Ulaya kwa mambo ambayo hayapendezi machoni: bomba la kuvutia hewa lililopandishwa juu mbali na vumbi na maji, kinga za mbele na bodi iliyoimarishwa. Timu yenye fedha na wahandisi wa kila aina ilipofika Afrika Mashariki ilianza na ulinzi. Wengine watasema kazi ya namna hii ni ya gereji, nyumbani ni hatari. Hapo wana haki nusu. Kuingia chini ya gari lililoshikiliwa na jeki peke yake ni kujitafutia kifo, na taimingi belti ya injini hii ikifungwa vibaya inaweza kugonganisha valvu. Kazi hiyo mpe fundi anayeijua. Lakini oili, filta, plagi, maji ya rejeta na breki ni kazi ambazo mwenye gari makini anaweza kuzifanya mwenyewe, tena kwa kumbukumbu iliyoandikwa daftarini.

Breki nimeziacha mwisho, ingawa ndizo zinazonitia hofu zaidi. Barabara ya Tinde, Isaka na Kahama hupitisha malori ya Rwanda, Burundi na Kongo usiku na mchana, vijiji vyenye vibao vya 50 vimefuatana, na ng'ombe wa Wasukuma hawasomi vibao. Mafuta ya breki yaliyokaa miaka hunyonya unyevu na kuchemka mapema breki zikipata moto. Pedi zilizoisha hazisaidiwi na rimu pana wala springi zilizokatwa. Kwa hiyo mwenye laki chache za kulitumia gari lake wikiendi hii anunue kwanza ea klina halisi, oili kutoka duka linaloaminika, mafuta mapya ya breki na pedi za mbele. Ekzosi isubiri.