Kulinda saini ya mkuu: Kazi ya mratibu wa utawala katika mashirika ya kimataifa

WATU wengi wanaposikia kwamba fulani ameajiriwa katika ofisi ya mkurugenzi wa shirika la kimataifa, humfikiria karani wa kupokea simu, kuchapa barua na kuwakaribisha wageni. Picha hiyo imepitwa na wakati. Katika ofisi za Umoja wa Mataifa zilizopo Gigiri, Nairobi, au katika Sekretarieti ya Jumuiya ya Afrika Mashariki jijini Arusha, mratibu wa utawala ndiye anayehakikisha kwamba kila jalada linalofika mezani kwa mkuu limekamilika, limefika kwa wakati na limefuata kanuni. Mkuu ndiye anayetia saini, lakini usalama wa saini hiyo hutegemea kwa kiasi kikubwa mtu aliyeliandaa jalada.

Kwa wakazi wa miji yetu, kazi hii si jambo la mbali. Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa liliunda Shirika la Mazingira, UNEP, Desemba 1972 na makao yake yakawekwa Nairobi. Shirika la makazi, ambalo leo linaitwa UN-Habitat, lilifuata mwaka 1978, na mwaka 1996 ikaanzishwa Ofisi ya Umoja wa Mataifa ya Nairobi, UNON, ili kusimamia huduma za pamoja. Arusha nayo ilikuwa makao ya Mahakama ya Kimataifa ya Mauaji ya Kimbari ya Rwanda, iliyoundwa mwaka 1994 na kufungwa mwaka 2015. Taasisi zote hizo zimewaajiri wenyeji kwa kazi za utawala.

Jukumu la kwanza la mratibu ni kutunza muda wa mkuu. Hilo laonekana jepesi mpaka mtu anapokumbuka kwamba washiriki wa kikao kimoja wanaweza kuwa Nairobi, Geneva na New York kwa wakati mmoja. Kikao kinachoanza saa 3 asubuhi New York huwa ni saa 10 jioni Nairobi wakati wa kiangazi cha Marekani. Wamarekani wanaporudisha saa zao nyuma mwezi Novemba, kikao hicho hicho huwa ni saa 11 jioni. Mratibu asiyelijua jambo hilo humfikisha mkuu wake kikaoni saa nzima kabla ya wenzake. Zaidi ya hayo, sisi huhesabu saa kuanzia mapambazuko. Kwa hiyo "saa tisa" ya mgeni si saa tisa yetu. Mratibu makini huandika kila saa kwa tarakimu na kutaja mji unaohusika.

Jukumu la pili ni nyaraka. Kabla ya kikao, mratibu hukusanya madokezo kutoka idara mbalimbali, huangalia kama takwimu za idara moja zinapingana na za nyingine, kisha huyapanga ili mkuu aelewe haraka uamuzi anaotakiwa kuutoa. Baada ya kikao huandika maazimio, nani ametakiwa kufanya nini, na kwa tarehe gani. Kisha hufuatilia. Maazimio mengi hayafi kwa sababu yalipingwa, bali kwa sababu hapakuwa na mtu wa kukumbusha.

Jukumu la tatu ni safari na fedha. Safari ya mkurugenzi ya siku tatu huhitaji idhini, tiketi, viza, kibali cha usalama na hesabu ya posho ya kujikimu. Na anaporudi, matumizi hayana budi kutolewa maelezo. Katika Sekretarieti ya Umoja wa Mataifa, shughuli hizi hupitia mfumo wa kompyuta ulioanza kutumika kwa awamu mwaka 2013. Mfumo huo umepewa jina la Kiswahili: Umoja.

Hapa ndipo penye kiini cha kazi hii. Kanuni za fedha za Umoja wa Mataifa zinatenganisha madaraka: afisa anayethibitisha kwamba matumizi yanastahili si yule anayeyaidhinisha. Mratibu huandaa maombi na kukusanya vielelezo, lakini hana mamlaka ya kuidhinisha. Ana wajibu mkubwa na cheo kidogo. Je, afanye nini mkuu anapomtaka apitishe ombi lililochelewa, lisilo na vielelezo, kwa hoja kwamba "nitaleta baadaye"?

Jibu limo katika misingi ya ajira yenyewe. Ibara ya 100 ya Mkataba wa Umoja wa Mataifa inawakataza watumishi kupokea maelekezo kutoka serikali yoyote au mamlaka yoyote nje ya Umoja huo, na Ibara ya 101 inataka watumishi wawe na ufanisi, uwezo na uadilifu wa kiwango cha juu kabisa. Masharti hayo yanamhusu mkurugenzi na mratibu wake kwa pamoja. Umoja huo una Ofisi ya Uangalizi wa Ndani tangu mwaka 1994 na Ofisi ya Maadili tangu mwaka 2006, na anayetoa taarifa za uovu kwa nia njema ana haki ya kulindwa dhidi ya visasi.

Hata hivyo, mratibu mwenye busara hangoji mambo yafike huko. Humwonyesha mkuu kanuni mapema, kwa maandishi na kwa heshima, pamoja na njia halali ya kufikia lengo lile lile. Usipoziba ufa utajenga ukuta: risiti moja iliyokosekana leo inaweza kuwa hoja ya mkaguzi mwakani, na hoja hiyo itaelekezwa kwa aliyetia saini. Kwa hiyo anayesema "bado haijakamilika" hamzuii mkuu wake, bali anamlinda.

Pamoja na uzito huo, ngazi ya kupanda ni finyu. Katika Umoja wa Mataifa, wengi wa watumishi hawa wako katika kundi la huduma za jumla, ambalo ngazi zake huanzia G-1 hadi G-7. Huajiriwa papo hapo kituoni na mishahara yao hupangwa kwa kulinganishwa na waajiri bora wa mahali hapo. Maafisa wa kundi la kitaalamu, kuanzia ngazi za P hadi wakurugenzi wa D-1 na D-2, huajiriwa kimataifa na mishahara yao hufuata kipimo kingine. Kwa miaka mingi, mtumishi wa Sekretarieti aliyetaka kuvuka kutoka G kwenda P alitakiwa kushinda mtihani wa ushindani, hata kama alikuwa ameifanya kazi kwa muda mrefu kuliko wakuu aliowahudumia.

Usalama wa ajira nao si wa kudumu. Mikataba mingi ni ya muda maalumu na hutegemea bajeti. Machi 2025 Katibu Mkuu António Guterres alizindua mpango wa mageuzi uitwao UN80, wenye lengo la kubana matumizi. Mwaka huo huo ilitangazwa kwamba mashirika ya UNFPA na UN Women yangehamishia Nairobi sehemu ya shughuli za makao yao makuu. Hivyo mageuzi yale yale yanayotishia ajira mahali pengine yanaweza kuongeza kazi Gigiri.

Kwa anayeitamani kazi hii, nafasi za kundi la huduma za jumla kwa kawaida hudai cheti cha sekondari na uzoefu wa miaka kadhaa, ingawa washindani wengi siku hizi wana shahada. Kiingereza fasaha ni lazima, na Kifaransa humwongezea mtu nafasi. Kiswahili nacho kinapanda thamani: Februari 2022 Umoja wa Afrika ulikiidhinisha kuwa mojawapo ya lugha zake za kazi. Uandishi safi wa kumbukumbu za vikao, ustadi wa jedwali za hesabu na tabia ya kutunza siri humtofautisha mwombaji na wenzake.

La mwisho ni tahadhari. Umoja wa Mataifa hautozi ada yoyote katika hatua yoyote ya kuajiri, iwe ya maombi, usaili wala mafunzo. Anayeahidi nafasi ya Gigiri au Arusha kwa malipo ya "kufungua faili" ni tapeli, hata kama barua yake ina nembo ya buluu. Kazi ambayo msingi wake ni kukataa karatasi isiyokamilika haiwezi kuanza kwa karatasi ya kughushi.